Njugu Ndani ya Injini

Siku Mwanamwema alipojua kwamba mumewe hasikii, alikuwa amesimama nyuma yake uani na bakuli la uji wa moto, akimwita kwa mara ya nne. Fundi Jaku alikuwa amechutama mbele ya jiko la mafuta la Asmahani, mpangaji mwenzao wa chumba cha mbele, anazivuta tambi zake kwa koleo. "Baba Tuhfa, uji." Hakugeuka. Kwanza Mwanamwema alidhani amenuniwa. Lakini mke wa miaka ishirini na mbili humjua mumewe aliyenuna hata kwa mgongo, na mgongo ule haukuwa umenuna, ulikuwa unafanya kazi zake tu. Akamwita kwa jina tupu, "Jaku," jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu. Kimya. Basi akaliachia bakuli.

Lilikuwa bakuli la bati. Likaanguka kwenye saruji kwa kishindo kilichomtoa Asmahani chumbani mwake na kumkimbiza kuku hadi mlango wa choo. Jaku alishtuka baadaye, pale uji ulipomfika kisiginoni. Akaruka, akageuka, akamkuta mkewe amesimama mikono mitupu anamtazama, na hapo akajua kwamba amejulikana.

"Limeniponyoka," Mwanamwema alimwambia Asmahani, akainama kuliokota.

Walipoingia chumbani na mlango kufungwa, Jaku alikaa ukingoni mwa kitanda akijipangusa mguu kwa kitambaa cha grisi.

"Tangu lini?" aliuliza Mwanamwema.

"Tangu ile homa ya Ramadhani. Nilipotundikiwa zile chupa za kwinini, nyenje wakaanza kulia masikioni. Daktari akasema watanyamaza. Wamenyamaza kweli, wakaondoka na kila kitu."

"Mbona waongea na sisi vizuri?"

"Nawatazama midomo. Na nyinyi mwasema yale yale kila siku." Alijaribu kucheka, hakuweza. "Sauti nene nazisikia kwa mbali. Nyembamba hakuna. Adhana naijua kwa kuwaona watu wanakwenda."

Mwanamwema akaketi. Alitaka kumpa pole, alitaka pia kumgombeza kwa kumficha miezi mitano. "Nani mwingine ajua?"

"Weye. Na mie. Mwanamwema, nisitiri."

Sasa mtu asiyeijua kazi ya Jaku atasema, kwani fundi wa magari asikie nini? Macho anayo, mikono anayo, spana hazisemi. Mtu huyo hakuwahi kuona taimingi ikisetiwa. Ndani ya injini ya petroli kila plagi hutoa cheche, na cheche ile ina wakati wake: itoke kidogo tu kabla pistoni haijafika juu. Ikichelewa, gari linakuwa zito, linakunywa mafuta na haliendi. Ikiwahi mno, moto unaikuta pistoni bado inapanda na kuipiga kichwani, na hapo utasikia kijisauti ndani ya injini, kama njugu kavu zikitikiswa ndani ya kopo. Gari la kubebea wali wa msibani laweza kugonga hivyo mwaka mzima lisife. Injini ya mbio haivumilii. Fundi hulegeza distributa, kile kikombe chenye nyaya za plagi, anakizungusha unywele mmoja mbele, unywele mmoja nyuma, na sikio lake ndilo linaloamua. Tanga nzima ilijua kwamba sikio la kuamua ni la Jaku, Mpemba wa Makorora. Alipopunguzwa kiwandani pamoja na wenzake mia na ushei, wakapewa barua na mkono wa kwaheri, sikio lile ndilo lililowalisha.

Na mwaka ule lilikuwa limemletea kazi kubwa kuliko zote.

*

Shaib alikuwa na uwanja wa magari Usagara. Enzi za ruksa zilikuwa zimemkuta kijana na akili zake: alianza na mabalo ya mitumba, akaingia kwenye majokofu ya Dubai, na sasa, fedha zilipoanza kumuwasha, akanunua Datsun ya rangi ya chungwa ili ashindane mbio za magari kama watoto wa matajiri wa zamani. Injini yake ilikuwa imefumuliwa na kuundwa upya. Pistoni zilikuwa za juu kuliko za kiwandani, kabureta zilikuwa mbili, kubwa, na sailensa unaingiza ngumi. Hata puli ya mbele ilitolewa kwenye injini nyingine, kwa hiyo zile alama za taimingi zilizopigwa juu yake zilikuwa zinasema uongo.

"Gari hili hakuna kitabu chake," Shaib alimwambia Jaku. "Kitabu ni weye. Likinimalizia mbio, najenga gereji ya kweli hapa, na bwana mkubwa wa gereji ni weye, mshahara kila mwezi. Lisipomaliza, samahani, nitatafuta watu wa kisasa."

Mtu wa kisasa alikwishapatikana. Aliitwa Asheri, kijana aliyetoka Dar es Salaam na taa ya taimingi ndani ya sanduku lake, taa inayomulika alama za puli ikakusomea yenyewe. Kila asubuhi alimwamkia Jaku shikamoo, kwa adabu zote, kisha akasimama pembeni akiitazama midomo ya Jaku inavyowahi au kuchelewa kujibu.

Jaku alijaribu kila ujanja. Aliweka viganja juu ya boneti. Aliuma kipini cha bisibisi kwa meno, ncha akaigusisha kwenye injini, mngurumo ukampanda mpaka kwenye taya. Lakini ule ulikuwa mngurumo tu, mnene. Njugu hazikuja. Ndipo alipomwambia mkewe, "Mama Tuhfa, njoo unisikilizie."

Basi wakaanza mchezo wao. Shaib alikuwa akishinda dukani na Asheri akienda bandarini kufuata spea, na Jaku alikuwa na ruhusa ya kulijaribu gari barabarani. Alikuwa akimpitia mkewe njia panda ya nyuma ya msikiti, wanatoka hadi kwenye kile kimwinuko cha kabla ya Pongwe, gia kubwa, mguu mzima kwenye mafuta. Injini inagonga ikielemewa, si ikipumzika. Mwanamwema alikaa kwenye kiti cha mbele, buibui limejaa upepo, mikono miwili imeshika ukingo wa kiti, masikio yake yote yako kwenye boneti. Siku ya kwanza alisikia kila kitu na hakuelewa kitu. Siku ya pili Jaku aliiwahisha cheche kwa makusudi ili amfundishe, na hapo Mwanamwema akazisikia: nyembamba, kavu, njugu tupu.

"Zile," alisema, akampiga kofi la paja.

"Zile ndizo," alisema Jaku.

Wakakubaliana ishara. Njugu zikilia, Mwanamwema ashike pembe ya mtandio aiweke mdomoni, kama mwanamke anayeona haya. Mtandio ukikaa kifuani, salama. Jaku alisimama pembeni ya barabara, akafungua boneti, akazungusha distributa kidogo, wakarudi chini, wakapanda tena. Mara saba, mara nane kwa siku moja. Na haki isemwe, katika siku zile Mwanamwema alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mwanawe Tuhfa aolewe kwenda Mwera. Mumewe alikuwa anamtazama usoni kila dakika. Wanawake wangapi wa Makorora wangeweza kusema hivyo?

Tatizo lilikuwa Asmahani, ambaye jicho lake halikosi kitu.

"Mwenzangu, siku hizi ni wa kupepewa na gari," alisema kibarazani huku anageuza vitumbua.

"Naenda Pongwe kununua nazi. Za huko rahisi."

Uongo huo ulimgharimu. Kila akirudi ilibidi arudi na nazi, mbili, tatu, asije akaonekana mikono mitupu. Kufikia wiki ya tatu nazi zilikuwa zimejaa uvunguni mwa kitanda. Walikula wali wa nazi, kunde za nazi, muhogo wa nazi, mpaka Jaku akasema akiona tui tena atarudi Pemba kwa miguu. Siku hiyo walicheka wote wawili, yeye kwa sauti kubwa mno kwa sababu hakujisikia.

Gari likakaa sawasawa. Shaib alilipeleka Muheza na kurudi, akashuka akitetemeka kwa raha, akamkumbatia Jaku mbele ya watu. Ikabaki wiki moja.

*

Nazi moja ndiyo iliyowaponza. Ilibingirika chini ya kiti cha Datsun, hakuna aliyeiona, na Shaib alipofunga breki kwenye mzunguko wa barabara ikaja ikajikita nyuma ya kanyagio. Nusura amgonge mwenye mkokoteni. Alirudi uwanjani ameishika mkononi, akawaita mafundi wote.

"Hii ni spea ya wapi?" aliuliza. Watu wakacheka. "Nauliza, fundi Jaku. Hii inafungwa wapi?"

Jaku aliona nazi, akaelewa bila kusikia.

"Nilimpakia mke wangu siku moja," alisema. "Nisamehe."

"Siku moja? Mwenye duka la Pongwe asema kila siku. Asema mkeo anashika mtandio mdomoni, wewe unashuka unafungua boneti. Mke wako ndiye fundi, au?" Wakacheka tena, na safari hii Asheri hakucheka. Alikuwa anafikiri. "Gari la mbio si gari la kwenda sokoni, mzee wangu. Simtaki mwanamke ndani ya gari langu. Nikisikia tena, unaondoka naye."

Ingeishia hapo wangekuwa salama, maana taimingi ilikwisha kusetiwa. Lakini siku mbili kabla ya mbio Asheri alimshauri Shaib kwamba silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ipelekwe ikachongwe tena, ipungue unene kidogo, injini ibane zaidi, nguvu ziongezeke. Jaku alipinga. Shaib akasema amekwisha kuamua. Na hedi ikichongwa, hesabu yote ya cheche inavunjika, unaanza upya.

Hedi ilirudi Ijumaa jioni, ikafungwa usiku. Mbio zilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, za kwenda Korogwe.

"Kataa," Mwanamwema alimwambia mumewe alfajiri. Alimshika mashavu ili amtazame. "Mwambie unaumwa."

"Nikiumwa leo, Asheri ndiye bwana gereji kesho." Alivaa bwelasuti yake iliyopigwa pasi, ile ya kiwandani yenye jina lililofutika mfukoni. "Niletee chai uwanjani saa mbili. Simama langoni. Shaib lazima atatoka kwa kasi kulijaribu, na langoni ndipo atakapokanyaga. Utasikia. Mtandio tu, basi."

"Amekataza nisiingie kwenye gari."

"Hajakataza usilete chai."

*

Saa mbili uwanja ulikuwa umejaa. Jamaa za Shaib walikuja na fulana zenye namba, watoto wa shule walipanda ukutani, mpiga picha alikuwa anarekebisha kamera yake. Mwanamwema alisimama langoni na birika lililofungwa kwa kitambaa na vikombe viwili, mtandio kifuani. Jaku alikuwa ameinama ndani ya boneti, bisibisi mdomoni, mkono kwenye distributa. Injini ikinguruma bila mzigo, ilisikika nzuri. Bila mzigo kila injini ni nzuri.

Asheri alikuja nyuma ya Jaku na spana kubwa. Mwanamwema alimwona. Alimwona anaangalia huku na huku, anawakonyeza jamaa wawili wa Shaib, halafu anaiachia spana juu ya pipa tupu. Kila mtu uwanjani alishtuka. Mtoto mmoja alikaribia kuanguka ukutani. Jaku aliendelea na distributa yake.

"Mmeona?" alisema Asheri. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Bosi, mzee hasikii. Nimekwambia mwezi mzima. Anasetiwa taimingi na mkewe. Yule pale langoni."

Uwanja wote ukamgeukia Mwanamwema. Jaku naye, alipoona vichwa vimegeuka, akainua chake.

Shaib alimsogelea. Alikuwa amevaa kofia ya mbio tayari, uso umebanwa mashavu. "Mama Tuhfa. Niambie kweli. Mumeo anasikia au hasikii?"

Mwanamwema alihisi birika linamchoma paja kupitia buibui. Alimwona mumewe akimtazama midomo kutoka mbali, ametulia kabisa, bisibisi bado mdomoni. Nisitiri, alikuwa amesema. Neno hilo tu aliwahi kumwomba katika ndoa yao yote.

"Anasikia," alisema. "Hakugeuka kwa sababu yuko kazini. Si kila anayetupa spana anastahili kugeukiwa."

Watu wakaguna kwa kumsifu. Shaib akatabasamu kidogo. "Apa."

"Wallahi anasikia. Anasikia kuliko nyinyi nyote hapa."

"Haya, imekwisha," Shaib akasema, akamgeukia Asheri. "Umemuapisha mtu mzima bure. Omba radhi." Na Asheri akaomba radhi. Lakini hakuondoka karibu na lango. Alisimama hatua tatu kutoka kwa Mwanamwema, mikono nyuma, na hakuwa analitazama gari. Alikuwa anamtazama yeye, mikono yake na mtandio wake.

Jaku akakaza nati, akafunga boneti. Shaib akaingia, akafunga mkanda, akakokota gari hadi langoni, akakanyaga.

Mwanamwema alizisikia kabla gari halijampita. Njugu. Hazikuwa chache za kubahatisha, zilikuwa kopo zima, kavu, zinapanda pamoja na injini hadi ilipobadilisha gia, zikaanza tena. Hakuna mwingine aliyegutuka, maana sailensa ilikuwa inapiga kelele ya kuziba masikio na wote walikuwa wanashangilia. Asheri mwenyewe hakusikia, masikio yake yalikuwa yamezoea taa. Katika uwanja wote ule, sikio lilikuwa moja, nalo lilikuwa ndani ya mtandio wa mwanamke ambaye dakika tatu tu nyuma alikuwa ameapa kwa Mungu.

Shaib alizunguka mtaa, akarudi, akasimama. Akatoa kidole gumba dirishani. "Fundi. Sawa?"

Jaku aliinua macho juu ya paa la gari, juu ya watoto na fulana za namba, akamtazama mkewe.

Mkono wa Mwanamwema ulitoka. Ulifika kwenye pembe ya mtandio, ukaishika. Asheri akainua kichwa. Na Mwanamwema aliona, kwa uwazi wa kutisha, yatakayofuata akiupeleka mdomoni: kicheko, kile kile cha nazi, lakini safari hii hakitakwisha, mume wake kiziwi na mkewe mwongo wa kiapo, Makorora nzima itakuwa na maneno ya mwaka. Akajiambia labda injini bado ya baridi. Akajiambia labda zitapungua barabarani. Akajiambia barabara ya Korogwe si ndefu, na alijua ni ndefu. Akautengeneza mtandio kifuani, taratibu, kama ulikuwa umelegea.

Jaku akaendelea kumtazama kidogo. Kisha akatoa bisibisi mdomoni, akainua dole gumba.

"Sawa," alisema.

*

Gari lilikufa kabla ya Hale. Habari zilifika Makorora adhuhuri kwa mdomo wa Asmahani, aliyezipata kwa mwenye duka, aliyezipata kwa dereva wa lori. Moshi mweupe, kisha mweusi, kisha kishindo. Shaib mwenyewe hakuumia. Mwanamwema alisema alhamdulillahi kwa hilo na alimaanisha.

Jumatatu walilirudisha kwa lori na kulifungua. Jaku aliitwa, akakaa huko tangu saa nne mpaka baada ya alasiri. Aliporudi alikuwa na kitu ndani ya gazeti. Alipita uani bila kumtazama mtu, akaingia chumbani, akakifunua juu ya meza. Ilikuwa pistoni. Kichwa chake kilikuwa kimeyeyuka na kutoboka katikati, tundu la kupitisha kidole.

"Amenipa mbele ya watu," alisema. "Kasema, shika, mshahara wako huo. Kasema Asheri aanze leo."

Mwanamwema aliinama akazihesabu nazi. Uvunguni mwa kitanda kulikuwa na nazi kumi na nne, na hicho ndicho chakula kilichokuwamo ndani. Alifikiria kodi ya chumba. Alifikiria nauli ya Mwera, kama Tuhfa na mumewe wangeweza kuwapokea, na alijua hawawezi. Aliona aibu kwamba anafikiria nauli.

Jaku alivua viatu, akalala, akageukia ukutani.

"Ulizisikia?" aliuliza.

"Nilizisikia," alijibu Mwanamwema.

Hakugeuka. "Nakuuliza. Ulizisikia?"

Mwanamwema alimshika bega amgeuze aione midomo yake. Bega likakataa. Alivuta tena, likakaza kama limefungwa kwa nati. Jaku hakutaka kuangalia. Alitaka kusikia. Huko nje ilikuwa saa ambayo uani hapana nafasi: Asmahani alikuwa anatwanga mchele wa vitumbua, wapangaji wa nyuma walikuwa wanafua, wake wa jirani walikuja kuchota maji na kuonja habari. Ukuta wa chumba haukufika juu, ulibakiza nafasi ya mkono chini ya paa, na kila kitu kilichosemwa ndani kwa sauti ya kukohoa kilikuwa ni mali ya nyumba nzima.

"Nilizisikia," alisema tena, kwa sauti ya juu kidogo.

"Sema nisikie."

Akapiga magoti kitandani, akaweka mdomo karibu na sikio lake, na bado haikutosha, akaona haitoshi, maana mgongo ulikuwa unangoja vile vile. Basi akavuta pumzi. Alipiga ukelele. Alisema amezisikia, amezisikia tangu gari halijampita, zilikuwa nyingi, alijua gari litakufa, akanyamaza. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayeita mashua, na alipomaliza alisikia mchi wa Asmahani umesimama. Maji ya kufulia yalikuwa yamenyamaza. Hata redio mtu aliipunguza.

Jaku akageuka. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nilikuona," alisema. Naye alisema kwa sauti kubwa, maana hakuwa na nyingine tena. "Uliushika mtandio. Uso ulikubadilika. Nikajua zinagonga. Nikasema, akinyamaza yeye na mie nanyamaza."

"Ulijua?"

Alimwona anauliza. "Nilijua. Ningemwambia Shaib subiri, nirudishe nyuma kidogo. Neno moja. Lakini angeniuliza, umejuaje?"

Wakakaa hivyo, mmoja amelala, mmoja amepiga magoti, pistoni mezani. Kisha mchi ukaanza tena, polepole, wa mtu anayetwanga huku anasikiliza.

*

Asubuhi Jaku alitoka mapema na ndoo, asikutane na watu. Mwanamwema alikuwa mlangoni anapepeta mchele wa kukopa. Binti wa Asmahani alikuwa bombani tayari, mtoto mwenye adabu zake, ambaye kila siku alikuwa akimwamkia Jaku kwa sauti ndogo ya kunong'ona, na Jaku kila siku alikuwa akimjibu kwa kuuona mdomo wake ukitikisika.

Mtoto aliweka ndoo chini. Akaweka viganja viwili mdomoni, kama anamwita mtu wa ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, babu!" alipiga kelele.

Nyumba tatu zikasikia. Jaku alimtazama, akamtazama mkewe mlangoni, kisha akainamia ndoo yake.

"Marahaba," alisema, na akafungua bomba.